Kuziba Upya Paa na Mishono ya Trela la Kusafiria Lililozeeka

Ukibandua bati la nje la trela la kusafiria lililotengenezwa Marekani katika miaka ya 1980 au 1990, mara nyingi utakuta kiunzi cha mbao nyembamba zisizozidi inchi mbili kwa upana, sufi ya kioo ya kuzuia baridi katikati yake, na kwa upande wa ndani plaiwudi nyepesi iliyobandikwa karatasi yenye maua au mistari. Kwa kawaida mbao hizo hazikutiwa dawa ya kuzuia kuoza. Zinalindwa na bati la kuta, utando wa paa, na gundi iliyopakwa mahali ambapo vitu hivyo viwili vinakutana au vimetobolewa. Gundi hiyo huchoka kabla ya vingine vyote, na kwa kuwa iko juu ambako mwenye trela hapandi, hupasuka pasipo mtu kujua, na maji huanza kuingia muda mrefu kabla ya doa la kwanza kutokea darini.

Ninaishi Minnesota, ambako trela langu la futi 24 la mwaka 1994 hukaa nje chini ya theluji majira yote ya baridi, na kazi ninayoieleza hapa nimeifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Aliyeniuzia alikuwa amezijaza nyufa zote silikoni nyeupe, tabaka juu ya tabaka, na kwa macho paa lilionekana limetunzwa. Nilipoifungua kona ya mbele, mbao iliyokuwa chini ya silikoni hiyo iliingia kidole. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ni kufungua na kusafisha, na kwamba mtu asiyekuwa na muda wa kufanya mambo hayo mawili ni afadhali afunike trela lake kwa turubai hadi atakapoupata.

Kwa nini mishono hufunguka

Alumini hutanuka kwa joto na hunywea kwa baridi. Ukingo wa alumini, yaani kile kipande kirefu kinachofunika mshono wa kona, ukiwa na urefu wa mita 7 hubadilika kwa takriban milimita 8 joto linapopanda au kushuka kwa nyuzi 50 za Selsiasi, na tofauti ya kiasi hicho kati ya Januari na Julai ni jambo la kawaida huku kaskazini. Mbao iliyofungiwa ukingo huo haisogei kwa kiasi hicho, kwa hiyo kitu kilicho katikati yao huvutwa na kusukumwa mwaka baada ya mwaka. Barabarani kiunzi chote hujipinda kila gurudumu linapopita shimo, na skrubu hulegea kidogo kidogo. Kisha maji yakiingia katika ufa mwembamba na kuganda, ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9, na ufa uliokuwa kama unywele huwa mlango.

Kwa sababu hiyo, mshono wa trela unahitaji kitu kinachobaki laini kwa miaka mingi. Mafundi wa majahazi wa pwani ya Afrika Mashariki wanalielewa jambo hili vizuri kuliko watengenezaji wengi wa matrela: wanapokalafati chombo, wanachoshindilia kati ya mbao ni pamba iliyolowekwa mafuta, ili iweze kubanwa na kuachiwa mbao zinapovimba na kusinyaa. Puti ya kijivu iliyowekwa kiwandani chini ya kingo za matrela mengi ya zamani haina sifa hiyo. Baada ya miaka kumi au kumi na mitano hukauka, hupasuka kama udongo wa kiangazi, na huacha njia wazi kuelekea kwenye kila tundu la skrubu.

Kutafuta maji yalipo

Usipande juu ya paa kabla hujalikagua trela kwa ndani. Fungua makabati ya juu, kwa kuwa pembe zake za nyuma hazikupambwa na huonyesha madoa mapema. Bonyeza kuta kwa kidole gumba chini ya kila dirisha na katika kona zote nne, kisha kanyaga sakafu taratibu karibu na kuta. Plaiwudi iliyoloa huwa laini, karatasi yake hutoa malengelenge, na ndani ya kabati lililofungwa harufu ya ukungu hukufikia kabla ya macho kuona chochote. Kipima unyevu cha sindano mbili, ambacho si ghali, kitakusaidia kuliko kifaa kingine chochote katika hatua hii: mbao iliyo chini ya asilimia 20 kwa kawaida haiozi, na kadiri kipimo kinavyopanda juu ya hapo ndivyo kuvu wanavyopata nafasi ya kuila.

Kumbuka kwamba mahali maji yanapotokea si lazima pawe mahali yanapoingilia. Maji yanayoingia kwenye mshono wa paa na ukuta wa mbele yanaweza kuteleza juu ya boriti umbali wa mita mbili, yakashuka ndani ya ukuta, na kutokea chini ya dirisha la pembeni, na mwenye trela akaliziba dirisha mara tatu bila mafanikio. Ipo njia nzuri ya kuukata mzizi wa fitina. Zima miali yote midogo ya gesi inayowaka muda wote, funga mitungi ya propani, kisha weka feni yenye nguvu kwenye mlango au dirisha moja huku ikisukuma hewa ndani, na uyazibe kwa plastiki na utepe matundu mengine makubwa. Pita nje na chupa ya kunyunyizia maji ya sabuni ukiilowesha mishono na shingo za mabomba. Panapotoka mapovu ndipo hewa inapotoka, na panapotoka hewa maji yanaweza kuingia. Ukikosa feni ya kutosha, tumia mpira wa kumwagilia bustani kwa maji ya mkondo mdogo, ukianzia chini na kupanda polepole, huku mtu wa pili akiangalia ndani kwa tochi. Mashine ya maji ya shinikizo kubwa isikaribie paa wala mishono, kwa kuwa huyapenyeza maji hata pale ambapo mvua isingepita.

Mbao iliyooza ni lazima ikatwe na kubadilishwa kabla ya kuziba, na mbao iliyoloa lakini bado ngumu ni lazima ikaushwe. Mimi niliacha kona yangu wazi kwa siku tisa, feni na mashine ya kukausha hewa zikifanya kazi ndani, mpaka kipima unyevu kikaonyesha chini ya asilimia 15 mahali pote. Siku hizo tisa zilinikera sana, lakini ukifungia unyevu chini ya gundi mpya umeuwekea uozo kifuniko, nao utaendelea bila wewe kuuona.

Kulitambua paa lako

Gundi inayoshika vizuri kwenye paa la aina moja inaweza kubanduka au hata kudhuru paa la aina nyingine. Paa la chuma hujitambulisha lenyewe, na sumaku itakuambia kama ni alumini, ambayo haivutwi, au bati la chuma. Faibaglasi ni ngumu, na ukiigonga hutoa mlio kama wa beseni la plastiki nene. Kazi ni kutofautisha utando wa mpira wa EPDM na ule wa plastiki ya TPO, ambazo kwa juu zote zinaweza kuwa nyeupe. Pitisha kiganja juu yake: EPDM iliyozeeka huacha unga mweupe mkononi. Ukiinua ukingo wake chini ya kifuniko cha tundu la hewa na ukaona upande wa chini ni mweusi, hiyo ni EPDM. TPO ni ngumu kidogo zaidi, hung'aa, na haina tabia ya kuchujuka unga.

EPDM ina adui mmoja wa kukumbukwa daima. Petroli, tapentaini, na visafishio vyenye mafuta ya petroli au maganda ya machungwa huuvimbisha mpira huo na kuubandua kutoka kwenye plaiwudi. Isafishe kwa maji, sabuni nyepesi na brashi laini, na hata unapoondoa gundi ya zamani tegemea kikwangulio cha plastiki na subira.

Vifaa vya kununua

Juu ya paa, kwenye sehemu zilizolala, tumia gundi ya kuzibia inayojitandaza yenyewe, iliyotengenezwa kwa ajili ya matrela. Ile ya kampuni ya Dicor inapatikana karibu katika kila duka la vifaa vya matrela. Hutoka kwenye mrija kwa bunduki ileile inayotumiwa kwa silikoni, hutambaa kidogo, huzingira kichwa cha skrubu, na hubaki ikinyumbulika. Kwenye sehemu zilizosimama au zenye mteremko, gundi hiyo itachuruzika hadi dirishani, kwa hiyo nunua pia ile isiyotiririka. Soma kwenye mrija kama inafaa kwa utando ulio nao. Paa la futi 24 lenye vifuniko vya kawaida huhitaji mirija sita hadi minane, na mimi huongeza miwili, kwani kuishiwa gundi jioni huku wingu likija ni jambo baya.

Chini ya kingo za alumini, madirisha na vifuniko, tumia utepe wa butili, ambao ni ulimbo laini wa kunata usiokauka kama puti. Madukani huuzwa tepe za aina zote mbili zikiwa zimekunjwa kwa namna moja, na ile ya puti ni ya bei nafuu zaidi, kwa hiyo isome vizuri karatasi iliyozungushiwa kabla hujalipa. Kwa mishono mirefu iliyonyooka juu ya paa, hasa ule wa mbele na wa nyuma, upo utepe mpana wa kubandika kama vile Eternabond. Ubora wake na ubaya wake ni kitu kimoja: ukishashika hautoki, kwa hiyo ukiupotosha inchi mbili umeupotosha milele. Ongeza skrubu mpya za chuma kisichoshika kutu, vikwangulio vya plastiki vya upana mbalimbali, rola ndogo ya kubanizia, na spiriti ya isopropili kwa ajili ya kusafishia chuma.

Silikoni ya kawaida ya bafuni iache dukani. Haishiki vizuri juu ya utando wa paa, hujivua kama ngozi baada ya miaka michache, na huacha filamu isiyoonekana ambayo karibu hakuna gundi nyingine inayokubali kushika juu yake. Hakuna makosa yaliyonigharimu saa nyingi kama haya, nami sikuyafanya mimi.

Kuandaa na kuziba paa

Chagua siku mbili au tatu kavu zinazofuatana, joto likiwa juu ya nyuzi 10 za Selsiasi, na usianze asubuhi kabla umande haujakauka. Egesha trela mahali pa tambarare, lizuie magurudumu, na lishushie miguu yake ya kona. Paa la trela la zamani huenda lisibebe mtu aliyesimama. Mimi hutandika kipande cha plaiwudi kinachovuka boriti tatu, juu yake blanketi, kisha hupiga magoti hapo ili uzito usambae, na sehemu za pembeni huzifanyia kazi nikiwa kwenye ngazi iliyoshikwa na mtu. Paa lenye sabuni huteleza kama kinamasi, kwa hiyo lioshe ukiwa kwenye ngazi au ukirudi nyuma kuelekea kwenye ngazi, na kamwe usifanye kazi hiyo ukiwa peke yako.

Baada ya kuosha na kukausha, pita kila mshono na kila kifuniko ukijaribu kuinua gundi ya zamani kwa ukucha au kikwangulio. Gundi ya aina ileile ambayo bado imeshika kwa nguvu pande zote inaweza kuachwa na kupakwa mpya juu yake baada ya kusafishwa. Iliyopasuka, iliyoinuka kingoni, au iliyo ngumu kama ganda ni lazima itoke. Silikoni itoke yote. Juu ya chuma au faibaglasi unaweza kutumia kiyeyusha silikoni baada ya kukwangua, lakini juu ya mpira itabidi ukwangue na kusugua mpaka maji yatandae sawasawa badala ya kujikusanya matone. Kipulizo cha hewa moto kikiwekwa kwenye joto la chini hulainisha gundi sugu, ila kisikae mahali pamoja, kwa kuwa utando huungua haraka.

Kagua skrubu zote zilizofichuka. Yenye kutu itoe. Inayozunguka bila kukaza imekosa mbao ya kushika: jaza tundu vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi ya mbao isiyoathiriwa na unyevu, viache vikauke, kisha tia skrubu mpya, au tumia iliyo nene kwa saizi moja. Ukikuta skrubu tatu au nne za jirani zote hazishiki, mbao ya chini imeoza na itabidi urudi kwenye hatua ya kubomoa.

Vifuniko vya hewa vyenye umri sawa na trela, hasa vya plastiki iliyopasukapasuka kwa jua, ni bora kuvitoa kabisa kuliko kuvizungushia gundi. Safisha plaiwudi na utando chini yake, zungusha utepe wa butili kwenye ubavu wa kifuniko kipya pasipo kuacha mwanya kwenye kona, kaza skrubu kwa kupokezana pande zinazotazamana mpaka butili ianze kuchungulia kingoni, ndipo upake gundi inayojitandaza juu ya ukingo na kila kichwa cha skrubu. Kwa mabomba ya hewa ya choo na mabomba ya maji machafu, hakikisha gundi inapanda shingo ya bomba kidogo na kushuka juu ya utando angalau inchi moja pande zote.

Kiyoyozi cha paa kina utaratibu wake. Hakizibwi kwa gundi pembeni. Hukalia sponji nene iliyozunguka tundu la inchi 14 kwa 14, na maji yanayoingia chini yake huachwa yatoke. Kikivuja, vua kifuniko cha ndani na ukaze boliti nne kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka sponji ibanike kufikia takriban nusu inchi. Sponji iliyokwisha kubonyea kabisa hubadilishwa, na kazi hiyo inahitaji watu wawili kwa sababu ya uzito wa mashine.

Kwenye mishono ya mbele na ya nyuma, ikiwa pamekuwa laini na pasafi kabisa, mimi hubandika utepe mpana. Chora mstari wa kufuata kwa penseli, bandua karatasi ya nyuma futi moja kwa wakati, na bana kwa rola kuanzia katikati kwenda kando ili hewa isibaki. Ukiubandika juu ya mabonge ya gundi ya zamani utaacha mahandaki madogo ambayo maji yatayafuata, kwa hiyo mahali pasipoweza kusawazishwa tumia gundi ya kupaka. Rangi nzito za kufunika paa zima, zinazotangazwa kuwa ni suluhisho la kila kitu, huupa utando maisha marefu zaidi zikipakwa baada ya mishono kuzibwa vizuri. Zikipakwa kabla, zitapasuka palepale mshono unaposogea.

Gundi hii hushika ngozi ya juu ndani ya saa chache, lakini kuiva hadi chini kunaweza kuchukua siku 30. Trela linaweza kukaa mvuani baada ya siku moja, ila usiikanyage wala kuisugua katika mwezi huo.

Kingo za kona na madirisha

Hapa ndipo watu wengi huishia njiani, kwa sababu kutoka chini ukingo wa alumini huonekana mzima. Vuta ule ukanda wa plastiki unaofunika skrubu. Ukikuta skrubu zimeshika kutu ya kahawia, maji yamekuwa yakipita hapo. Toa skrubu zote, kisha ubandue ukingo taratibu kuanzia chini kwa kikwangulio kipana, ukiusaidia kwa mkono wa pili usijikunje, kwani ukingo uliokunjika haunyooki tena vizuri na kuupata wa umbo lilelile kwa trela la miaka 30 ni kazi. Kwangua puti yote kwenye bati na kwenye ukingo, futa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke safi, bandika butili kwenye ukingo kwa urefu wake wote, na uurudishe kwenye matundu yake ya awali. Kaza skrubu mara ya kwanza zikamate tu, rudi tena baada ya jua la mchana kuilainisha butili, kisha ukaze mara ya mwisho. Butili iliyotoka kando ikate baada ya siku mbili tatu kwa kisu cha plastiki, ndipo upake mkanda mwembamba wa gundi isiyotiririka kwenye upande wa juu na kando.

Upande wa chini wa ukingo uliolala na wa fremu ya dirisha uache wazi. Madirisha ya trela yana matundu madogo chini ya fremu ya kutolea maji yanayoingia kwenye mfereji wa kioo, na mvuke wa ndani nao hutafuta njia ya kutoka. Nimeona trela ambalo mwenyewe aliyaziba matundu hayo kwa bidii kubwa, na maji yakajaa mferejini na kumwagikia ndani ya ukuta. Yazibue kwa kijiti kila mwaka. Dirisha lenyewe likivuja kwenye fremu, fungua skrubu za pete ya ndani, lisukume nje huku mtu akilipokea, safisha, tia butili, na ulirudishe.

Ukanda mpya wa plastiki wa kufunikia skrubu utandaze juani saa moja kabla ya kuuingiza, na uukate ukiwa umezidi inchi mbili, kwa sababu husinyaa. Mvua ya kwanza ikinyesha, ingia ndani na tochi na kipima unyevu, upime tena zile kona ulizozipima mwanzoni. Kisha pandisha ngazi kila Aprili theluji inapokwisha na kila Oktoba kabla haijaanza, ukiwa na mrija mmoja wa gundi na kitambaa, na uzibe kila ufa siku hiyohiyo unapouona.